Kabla ya Kulilaumu Sanduku la Umeme

Wanafunzi wenzangu, si jambo geni kukuta pembeni mwa chumba cha kompyuta mashine mbili tatu zimewekwa kando, zimebandikwa karatasi yenye neno MBOVU. Ukiuliza ugonjwa wake huambiwa, "Sanduku la umeme limekufa. Tulipima, volti si zake." Pengine ni kweli. Lakini pengine sanduku ni zima, na kosa li mahali pengine: katika kipimo, katika waya, katika soketi ya ukutani, au katika namna ya kupima. Hapo shule hununua sanduku jipya, na mashine haiponi. Fedha zimekwenda, nasi twaendelea kubanana wanne wanne mbele ya kioo kimoja.

Lipo na kosa la upande wa pili, ambalo ni baya zaidi. Namba ya hatari huonekana, mtu huipuuza, na sanduku moja bovu huua ubao mkuu na diski, pamoja na kazi zote za wanafunzi zilizomo.

Makala haya yataka kutuepusha na makosa yote mawili. Jambo la kushika ni moja tu: namba ya volti peke yake si ushahidi. Huwa ushahidi pale inapofuatana na majibu ya maswali manne. Imepimwa kwa kipimo gani? Imepimwa kati ya nukta zipi mbili? Sanduku lilikuwa na mzigo gani wakati huo? Na umeme wa ukutani ulikuwa katika hali gani? Mwenye kujibu maswali hayo aweza kuhukumu. Asiyeweza kuyajibu na asubiri, maana haraka haraka haina baraka.

KAZI YA SANDUKU

Umeme wa ukutani hapa Tanzania ni wa volti 230, nao ni umeme geu: huenda na kurudi mara 50 kwa kila sekunde. Kompyuta ya mezani haiwezi kuutumia hivyo ulivyo. Yahitaji umeme mnyoofu, uendao njia moja, tena wa volti chache. Kazi ya kuubadili ni ya lile sanduku la chuma lenye feni, lililo nyuma ya kompyuta, ambalo mafundi huliita pawasaplai.

Sanduku hili hufanya kazi kwa hatua. Kwanza huunyoosha umeme wa ukutani, ukawa na volti 325 hivi, kwa sababu kilele cha umeme geu wa volti 230 ni 230 mara 1.414. Masanduku mengi ya siku hizi huzipandisha volti hizo hata karibu 400. Kisha huukatakata umeme huo makumi ya maelfu ya mara kwa sekunde, huupitisha katika transfoma ndogo, huunyoosha tena, na kuuchuja kwa kapasita. Wakati wote huo sehemu nyingine ya sanduku hulinda zamu: huzitazama volti zinazotoka, zikishuka huongeza, zikizidi hupunguza.

Taratibu za masanduku ya namna hii, zijulikanazo kwa jina la ATX, zilitolewa na kampuni ya Intel mwaka 1995. Kwa taratibu hizo kila waya ina rangi yake na volti zake. Zile kubwa za kukumbuka ni hizi:

Waya ya rangi ya chungwa: volti 3.3. Zinazoruhusiwa ni 3.14 hadi 3.47.
Waya nyekundu: volti 5. Zinazoruhusiwa ni 4.75 hadi 5.25.
Waya ya manjano: volti 12. Zinazoruhusiwa ni 11.40 hadi 12.60.
Waya ya buluu: volti 12 za upande wa hasi. Zinazoruhusiwa ni 10.8 hadi 13.2.
Waya ya zambarau: volti 5 za kungojea. Zinazoruhusiwa ni 4.75 hadi 5.25.
Waya nyeusi: sifuri. Hii ndiyo nukta ya kupimia nyingine zote.

Utaona kwamba waya nyingi huruhusiwa kupotoka sehemu 5 katika mia, na ile ya buluu sehemu 10 katika mia. Basi mtu akikuambia, "Volti 12 zimekuwa 11.8, sanduku bovu," mwambie hilo si kosa. Volti 11.8 ni halali kabisa.

Zimebaki waya mbili zisizo za kulisha mashine, bali za kupeleka habari. Waya ya kijani ni ya amri. Kompyuta ikiwa imezimwa huwa na volti kama 5. Ukibonyeza kitufe cha kuwasha, ubao mkuu huivuta hadi karibu na sifuri, na sanduku huamka. Waya ya kijivu ni ya taarifa. Sanduku likisha ona kwamba volti zake zimetulia, huiambia kompyuta kwa waya hiyo, "Tayari," na waya yenyewe huonyesha karibu volti 5.

Baadhi ya masanduku mapya yana waya nyeusi tupu. Kwa hayo usikisie. Fuata mchoro wa soketi uliotolewa na mtengenezaji.

ONYO LA KUTOKUSAHAU

Zile volti 325 au 400 zilizotajwa juu hukaa ndani ya kapasita kubwa. Kapasita yaweza kuzishika hata baada ya plagi kung'olewa ukutani, nazo zatosha kuua mtu. Kwa hiyo mwanafunzi hafungui sanduku la umeme hata siku moja, wala haingizi bisibisi katika matundu ya feni. Vipimo vyote vya makala haya hufanywa nje ya sanduku, kwenye soketi za waya zake, mwalimu akiwapo, mikono mikavu, viatu miguuni, na pete na bangili zimevuliwa. Mahali pema pa kupimia ni ile soketi ya akiba yenye waya nne, manjano moja, nyekundu moja na nyeusi mbili. Huko ncha ya kipimo ikiteleza haitaunguza ubao mkuu.

SWALI LA KWANZA: KIPIMO

Multimita ni chombo kizuri, lakini nayo huugua. Anza kwa kuipima yenyewe. Gusanisha ncha zake mbili: namba iwe sifuri. Kisha pima betri mpya ya tochi ya volti 1.5: yapasa kuonyesha kati ya 1.5 na 1.65 hivi. Ikionyesha 1.8, usiendelee.

Ajabu ya multimita nyingi za bei nafuu ni kwamba betri yao ikichoka, namba hazishuki bali hupanda. Sababu yake si ngumu. Multimita hulinganisha volti za nje na volti za mfano zilizomo ndani yake. Betri ikichoka, zile za mfano hupungua, basi za nje huonekana kubwa kuliko zilivyo. Ni sawa na muuza kitambaa ambaye rula yake imekatika ncha: kitambaa kile kile sasa huonekana kirefu.

Tuseme umepata namba hizi: chungwa 3.70, nyekundu 5.60, manjano 13.44, zambarau 5.60. Usitishike, piga hesabu. Gawa 3.70 kwa 3.3, gawa 5.60 kwa 5, gawa 13.44 kwa 12. Zote zimezidi kwa sehemu 12 katika mia. Na ile ya zambarau hutengenezwa na sehemu yake peke yake ndani ya sanduku, mbali na wenzake. Si rahisi sehemu mbili zisizotegemeana ziharibike siku moja kwa kadiri ile ile. Jambo moja tu lilishiriki katika vipimo vyote, nalo ni multimita. Badili betri yake, pima upya.

Angalia pia swichi ya multimita. Kwa waya za sanduku iwe upande wa umeme mnyoofu, penye 20. Mtu akisahau na kuiacha upande wa umeme geu, multimita nyingine humwonyesha sifuri, na nyingine humwonyesha zaidi ya volti 25 kwenye waya ya manjano. Namba zote mbili hazina maana.

Kuna na kipimo kingine, ambacho ni kompyuta yenyewe. Mashine nyingi huweza kuandika volti zake kwenye kioo, na watu huamini kwamba mashine haiwezi kusema uongo. Lakini fahamu inavyopima. Kipande kidogo cha ubao mkuu hakiwezi kupokea volti 12 nzima, kwa hiyo rezista mbili huzigawa kwanza. Tuseme huzigawa kwa 4: kipande hupokea volti 3, kisha programu huzidisha kwa 4 na kuandika 12. Sasa programu ikiwa imetengenezwa kwa ajili ya ubao mwingine, ikazidisha kwa 2.5, itaandika volti 7.5. Volti hazikubadilika, ila hesabu imekosewa. Tena hebu fikiri: diski kubwa na feni zahitaji volti 12. Ikiwa mashine yafanya kazi vizuri huku kioo chasema 7.5, nani wa kuaminiwa? Chukua multimita iliyokwisha pimwa, upime kwenye soketi ya akiba.

SWALI LA PILI: NUKTA MBILI

Katika fizikia tumefundishwa kwamba volti ni tofauti kati ya nukta mbili. Hakuna volti za nukta moja. Kwa hiyo ncha nyeusi ya multimita na ikae kwenye waya nyeusi ya sanduku. Usiiweke juu ya bati lenye rangi, maana rangi huzuia umeme, na multimita itakupa namba ya kubahatisha inayoyumba huku na huku.

Hapa lipo jambo linalowasumbua watu wengi. Mtu agusa mwili wa kompyuta, asikia ganzi vidoleni. Aweka multimita kwenye umeme geu, ncha moja kwenye bati la kompyuta na nyingine kwenye chuma kilichozikwa ardhini, aona volti kama 115. Husema, "Sanduku lavuja, tulitupe." Lakini 115 ni nini? Ni nusu ya 230. Ndani ya sanduku kuna kapasita mbili ndogo, moja kutoka waya yenye moto hadi kwenye bati, na moja kutoka waya ya kurudisha hadi kwenye bati. Kazi yake ni kuzuia makelele ya umeme. Zikiwa sawa, bati husimama katikati ya waya hizo mbili, yaani kwenye nusu. Waya ya ardhi ikiwapo, hunyonya umeme huo mdogo, na bati huwa sifuri. Usipokuwapo muungano wa ardhi, bati hubaki na nusu yake.

Basi sanduku ni zima, na mgonjwa ni nyumba. Huenda waya ya ardhi haikufungwa ukutani, au imekatika, au mtu ametia plagi ya miguu miwili. Hata hivyo usicheke. Umeme ule wa ganzi ni mdogo, lakini umekupa habari kubwa: siku waya yenye moto itakapogusa bati, hapatakuwa na njia ya ardhi ya kukuokoa. Zima kompyuta, mwite fundi aliyesomea umeme wa majumba, arekebishe waya ya ardhi kabla mtoto wa mtu hajafa.

SWALI LA TATU: MZIGO

Mtu mwenye afya akiwa amekaa kitini huonekana sawa na mgonjwa aliyekaa kitini. Wape wote wawili debe la maji wapande nalo mlima, ndipo utawatambua. Sanduku nalo ni hivyo. Kulipima likiwa tupu si kulipima. Baadhi ya masanduku ya zamani, yasipokuwa na mzigo, hutoa namba za ovyo ingawa ni mazima. Mengine hulinda volti 5 na volti 12 kwa mlinzi mmoja tu. Mzigo wa waya nyekundu ukiwa mkubwa na wa manjano ukiwa mdogo, mlinzi hujitahidi kuinua volti 5, na bila kutaka huziinua 12 pia. Ukiona nyekundu iko chini kidogo na manjano iko juu kidogo kwa wakati mmoja, sawazisha mzigo kwanza kabla ya kutoa hukumu. Kwa hiyo pima sanduku likiwa limefungwa ndani ya kompyuta, na kompyuta ikifanya kazi.

Tuchukue mfano ulio na kanuni ya Ohm. Kwenye sanduku, waya ya manjano ina volti 12.00. Upande wa pili wa soketi, mashine ikifanya kazi nzito, una volti 11.00, yaani chini ya zile 11.40 zinazoruhusiwa. Volti 1 imekwenda wapi? Tuseme mkondo ni ampea 10. Ukinzani wa njia ni volti 1 gawa kwa ampea 10, jibu ni omu 0.1. Ni ukinzani mdogo mno, lakini joto lake ni mkondo mara mkondo mara ukinzani, yaani 10 mara 10 mara 0.1, jibu ni wati 10. Wati 10 ndani ya kijisoketi cha plastiki ni nyingi. Ndiyo maana soketi ya namna hiyo huwa ya moto, hugeuka rangi, na hunuka.

Hapo sanduku halina kosa. Vumbi jekundu la Karatu wakati wa kiangazi huingia kila mahali, na juu kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, ambako ni mita 2,300 hivi juu ya bahari, ukungu hulowesha vyuma. Soketi zikilegea, zikapata vumbi na unyevu, ukinzani huongezeka. Zima mashine, ng'oa plagi ukutani, chomoa soketi, isafishe kwa brashi kavu, uirudishe kwa nguvu hadi isikike imekamata. Plastiki ikiwa imeungua, badili waya, si sanduku.

SWALI LA NNE: UMEME WA UKUTANI

Kanuni hiyo ya waya ya manjano ndiyo kanuni ya nchi nzima. Umeme upitao katika waya ndefu hupungukiwa njiani. Mwezi wa Machi mwaka 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alieleza mpango wa mikoa ya kaskazini kupata umeme wa Ethiopia upitao Kenya, na sababu mojawapo ilikuwa umeme unaopotea katika safari ndefu kutoka mitambo iliyo mbali. Na ndani ya wilaya ni vivyo hivyo. Nyumba iliyo mwisho wa waya mrefu utokao kwenye transfoma, iwe Rhotia, Oldeani au Endabash, huona taa zikififia mashine ya kusaga inapoanza kazi au fundi wa kuchomelea anapowasha chombo chake.

Je, volti za ukutani zikishuka hadi 190, waya ya manjano nayo itashuka? Wengi hujibu ndiyo, nao wamekosea. Kumbuka yule mlinzi wa zamu. Sanduku zima hushika volti 12 zake hata umeme wa ukutani ukishuka, mpaka ufike mahali lisipoweza tena. Hapo huzimika lote. Soma karatasi iliyobandikwa ubavuni mwake. Likiandikwa 100 hadi 240, volti 190 si neno kwake. Likiandikwa 200 hadi 240, litazimika au kukataa kuwaka saa ya jioni, na asubuhi litakuwa zima. Basi kompyuta izimikayo saa fulani tu za siku, chunguza ukuta kabla ya sanduku. Lakini ukiona volti 11.0 kwenye waya ya manjano, usisingizie umeme mdogo. Hiyo si dalili yake.

Kupima ukuta ni kazi ya mwalimu au fundi. Aweke multimita kwenye umeme geu, penye 750, asiwe penye 200.

Katika vijiji vya Ngorongoro ambako kompyuta hutumia umeme wa jua kwa inveta, kuna mtego mwingine. Inveta za bei nafuu hazitoi wimbi laini, bali hutoa wimbi la ngazi ngazi. Multimita za bei nafuu nazo zimetengenezwa kwa wimbi laini tu. Zikikutana, multimita yaweza kuonyesha kama 180 wakati inveta yatoa 230 halisi. Namba ni ya chini, lakini kosa ni la kipimo.

Na kompyuta za zamani zilizotoka Marekani zitazamwe nyuma. Baadhi ya masanduku yake yana swichi ndogo nyekundu yenye 115 na 230. Ikiwa kwenye 115, ukachomeka ukuta wa Tanzania, utasikia mlio mmoja, na hapo hapatakuwa tena na jambo la kupima.

UTARATIBU WA KUPIMA

Sasa twaweza kupanga kazi yetu kwa mfuatano.

Kwanza, jaribu multimita kwa betri mpya.

Pili, kompyuta ikiwa imechomekwa lakini haijawashwa, pima waya ya zambarau. Ikiwa na volti 5, ukuta, fyuzi ya plagi, waya ya ukutani na sehemu ya kwanza ya sanduku ni salama. Ikiwa sifuri, fuata njia hiyo hiyo nyuma: je, soketi ina umeme? Fyuzi iliyo ndani ya plagi je? Swichi ya nyuma ya sanduku imewashwa? Vyote vikiwa vizima, chomoa sanduku kwenye ubao mkuu upime tena. Zambarau ikibaki sifuri, ndipo sanduku lina kesi.

Tatu, pima waya ya kijani, kisha bonyeza kitufe. Isiposhuka, sanduku halikupewa amri. Kosa li katika kitufe, waya zake, au ubao mkuu.

Nne, ikishuka na sanduku likaanza kisha likazima papo hapo, huenda linajilinda na njia fupi iliyomo katika mashine. Zima, ng'oa plagi ukutani, chomoa diski na vipande vingine kimoja kimoja, ukijaribu kila mara. Likikaa baada ya kutoa kimoja, umempata mkosaji.

Tano, mashine ikiwaka, pima nyekundu na manjano kwenye soketi ya akiba, kwanza ikiwa imetulia, kisha ikiwa katika kazi nzito. Chungwa na kijivu ziko kwenye soketi kubwa. Mwalimu ndiye apime huko, kwa kuingiza ncha nyembamba upande wa nyuma wa soketi.

Sita, namba zikiwa njema lakini mashine hujizima na kujiwasha, kumbuka kwamba multimita hutoa wastani tu. Volti 12 zenye mawimbi mabaya huonekana 12 safi. Kapasita zilizochoka hazichuji tena. Tazama zile za ubao mkuu: zikiwa zimevimba kichwani au zimetoa maji, hizo zimekwisha. Za ndani ya sanduku hatuzioni, kwa hiyo azima sanduku zima la mashine nyingine, uone kama ugonjwa utaondoka. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Saba, multimita ikiwa ya kweli, nukta zikiwa sahihi, mzigo ukiwa wa kawaida, na manjano bado yazidi 12.60 au nyekundu yazidi 5.25, zima mara moja. Usingoje kesho. Volti pungufu huisimamisha mashine, lakini volti zilizozidi huiua. Sanduku hilo ndilo la kuandikwa MBOVU, na lisirudishwe kwenye mashine yo yote.

DAFTARI

Jambo la mwisho halihitaji fedha. Kila kompyuta na iwe na ukurasa wake katika daftari. Siku mashine ikiwa nzima, pima na uandike: tarehe, saa, multimita iliyotumika, mashine ilikuwa ikifanya kazi gani, na namba za kila waya. Rudia kila muhula. Manjano iliyokuwa 12.10 mwaka jana, ikawa 11.85 muhula uliopita, na sasa 11.55, bado ni halali kwa sheria, lakini yashuka ngazi. Mwenye daftari ataiona inakuja na atanunua sanduku kwa wakati. Asiye na daftari atashtukia siku ya mtihani wa vitendo.

MAZOEZI

1. Zambarau ni 5.02. Kijani ni 4.90, na ukibonyeza kitufe hubaki 4.90. Nyingine zote ni sifuri. Je, ununue sanduku?

2. Zambarau 5.75, nyekundu 5.74, manjano 13.80, chungwa 3.80. Nani wa kushukiwa kwanza?

3. Waya ya manjano ina volti 12.02 mwanzoni mwake na 11.10 mwisho wake, zote zikipimwa na waya nyeusi ile ile. Mkondo ni ampea 8. Tafuta ukinzani na joto lililopotea.

4. Kioo cha kompyuta chaandika volti 7.5 kwa waya ya manjano. Multimita iliyojaribiwa yaonyesha 12.03. Ufanye nini?

Majibu. La kwanza: usinunue, amri haikufika, chunguza kitufe na ubao mkuu. La pili: multimita, kwa maana zote zimezidi kwa sehemu 15 katika mia, pamoja na zambarau. La tatu: volti zilizopotea ni 0.92, ukinzani ni omu 0.115, joto ni wati 7.4 hivi, safisha au badili waya. La nne: endelea na kazi, na uandike katika daftari kwamba hesabu ya programu hiyo si ya ubao huu.